Mzuka Katika Ghorofa Isiyo Yake

Twila Prentiss alipoamua kumwaibisha mdogo wake mbele ya mji mzima, alichagua njia iliyomlazimu kula maboksi kumi na manne ya nafaka za asubuhi. Nafaka zenyewe hazikupatana na tumbo lake, lakini karatasi ya maboksi yake ni nyembamba kiasi cha kukatika kwa mkasi na ngumu kiasi cha kutokujikunja ikipakwa rangi, na yeye alihitaji vigae elfu moja na mia moja vya paa, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Akaanza kazi mwezi wa Julai, wakati watu wengine wa Marlow Fork wakichoma soseji uani.

Maktaba ya mji ule hufanya maonyesho kila Oktoba, kabla ya Halowini, jioni ambayo watoto huvaa kama mizuka na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Watu huleta vijumba vya mizuka walivyovitengeneza kwa karatasi, vijiti, vitambaa na takataka nyingine yoyote ya nyumbani, vikapangwa kwenye meza ndefu karibu na madirisha, kisha wageni hupiga kura. Twila alikuwa ameshinda mara saba. Miaka mingine alitoa vitu kichwani mwake: ofisi ya mzika maiti, shule iliyohamwa, kinyozi ambaye wateja wake walikuwa viunzi vya mifupa wanaosubiri zamu huku wakisoma magazeti. Mwaka huu hakutoa kichwani. Mwaka huu aliijenga nyumba ya mama yao ya Mtaa wa Sycamore, ambamo sasa anakaa mdogo wake, Darla.

Mama yao alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Wosia uliposomwa, Darla akapata nyumba, Twila akapata cherehani na sahani zenye ukingo wa buluu. Twila alisema hana tatizo lolote na jambo hilo. Alilisema kwa watu wengi sana, mara nyingi sana, hata pasiwe na mtu mjini asiyejua kwamba analo tatizo. Tangu siku ile ndugu hao wawili walisalimiana kanisani kwa kutikisa kichwa, na wakikutana dukani kila mmoja alipata ghafla hamu ya kusoma maandishi ya kwenye makopo ya maharage.

Alikuwa na mpango mzuri. Mtu akiuliza, atasema ni nyumba tu. Lakini Marlow Fork nzima ina nyumba moja tu yenye mnara wa mviringo upande wa kushoto na baraza linalozunguka hadi mlango wa jikoni.

Mbao za kuta alizitengeneza kwa vijiti vya kukorogea kahawa, ambavyo alikuwa akivichukua kwenye kituo cha mafuta, kiganja kwa kiganja, mpaka muuzaji akaanza kumfuata kwa macho. Alizipaka nyeupe, juu yake kijivu, kisha akazikwaruza kwa ukucha ili rangi ionekane imebanduka kwa miaka. Kutu ya mabomba aliipata kwa kuchanganya rangi ya kahawia na mdalasini. Kuvu ya paani ilikuwa majani makavu ya chai, na vioo vilikuwa plastiki ya maboksi ya tambi, viwili vikiwa vimepasuliwa kwa ncha ya sindano. Kwa utando wa buibui alichambua pamba nyuzi kwa nyuzi, akishika pumzi.

Upande wa nyuma aliuacha wazi ili mtu aweze kuchungulia vyumbani. Humo ndimo ulimokuwa ubaya wake. Jikoni aliweka sufuria chafu zimerundikana mpaka dirishani. Sebuleni, juu ya kochi, alilaza kiunzi cha mifupa, miguu juu ya mkono wa kochi, kimevaa sweta ya rangi ya haradali. Darla alikuwa na sweta ya rangi ya haradali, na tangu Septemba mpaka Aprili hakuivua ila kwa kuoga.

Mwisho kabisa akatengeneza mzuka wa mama. Alichovya kitambaa chepesi cha shashi kwenye gundi ya maji, akaitandaza juu ya chupa ya dawa hadi ikakauka na kusimama yenyewe, mabega yameinama kidogo. Alirudia mara tatu. Wa kwanza alionekana kama taulo. Wa pili alikuwa mrefu mno, na mama yao hakuwa mrefu. Wa tatu alimweka chumba cha juu, ndani ya mnara, akitazama barabarani, akawasha taa ndogo ya betri nyuma yake. Kisha akakaa kitako akamwangalia kwa muda, bila kujua kwa nini chai yake imepoa.

Siku ya kupeleka kazi, mkutubi, Bi Ostrander, aliizunguka ile nyumba mara mbili.

"Bi Twila," akasema kwa sauti ya chini, "hii si ile ya—"

"Ni nyumba tu," Twila akamkata.

Bi Ostrander alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Akachukua kadi, akaandika kwa mwandiko wake safi: *Nyumba Tu. Kazi ya Twila Prentiss.* Akaiweka mbele.

Kufikia Jumatatu jioni karibu mji wote ulikuwa umeshapita pale. Watu ambao hawakuwa wameazima kitabu tangu shule walionekana wakizubaa karibu na meza, wakainama, wakatazama kochi, wakakohoa. Daktari wa meno mstaafu, Wendell Kroll, ambaye kijumba chake kilikuwa pembeni ya kile cha Twila, alilalamika kwamba watu wanampa mgongo.

Darla alikuja Alhamisi. Twila naye alitokea kuwa pale, kama alivyotokea kuwa pale Jumatatu, Jumanne na Jumatano, amekaa na kitabu cha ufugaji wa nyuki kilichokuwa kwenye ukurasa uleule tangu mwanzo wa wiki. Alikuwa ameshapanga maneno yote. Kitu kimoja hakukipanga: Darla aliingia amevaa ile sweta.

Watu waliokuwa wakinong'ona wakaacha. Darla akavaa miwani, akaweka mikono nyuma, akaanza kuikagua nyumba kama mtu anayekagua gari la mitumba, kona kwa kona, bila haraka. Alichungulia jikoni. Alichungulia ngazini, midomo ikicheza kama anayehesabu.

"Dirisha la jikoni umeliweka siyo," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Liko upande wa mti. Wewe umeliweka upande wa barabara."

"Hii ni nyumba tu, Darla. Nimeitoa kichwani."

"Basi kichwa kinahitaji ufagio. Na ngazi ni kumi na tatu. Hapa naona kumi na moja." Akasogea. "Huyu wa kwenye kochi ndiye mimi?"

"Hiyo ni mifupa."

"Imevaa sweta yangu."

"Sweta za rangi hiyo ziko nyingi."

Darla akaitazama ile mifupa kwa makini zaidi. "Amepungua kunishinda," akasema. "Asante."

Kwenye upande wa magazeti mtu alicheka, akajifanya anapiga chafya. Twila alihisi masikio yamepata moto. Miezi mitatu ya kazi, maboksi kumi na manne, na mtu anashukuru.

Ndipo Darla akafika kwenye mnara. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena.

"Huyu ni mama," akasema.

Twila alikuwa na jibu la mzuka pia, kwamba ni kipande cha shashi tu; badala yake akafunga kitabu cha nyuki.

"Umemweka juu."

"Ndicho chumba chake."

"Twila, mama hakupanda ngazi miaka mitatu ya mwisho. Alikuwa akilala chumba cha kulia. Tuliitoa meza tukaweka kitanda. Ulikuwa unakuja Jumapili na pai yako, unakaa kwenye kitanda hichohicho."

Hakulisema kwa ukali. Kama angefoka, Twila alikuwa na majibu ya miaka sita yamepangwa kama sahani kabatini.

Darla akafunga vifungo vya sweta. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza maziwa: "Njoo upime. Kama unataka kunitukana, nitukane kwa vipimo sahihi."

Alasiri ile Twila alikaa kwenye meza yake ya kazi, katikati ya vipande vya karatasi, akajaribu kukikumbuka chumba cha kulia. Pai aliikumbuka vizuri, na sifa alizopewa kanisani kwa ajili ya pai hiyo. Saa ya ukutani aliikumbuka, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiitazama kila mama alipouliza swali lilelile kwa mara ya nne. Lakini kitanda, kila alipokitafuta, kilikuja kama kochi. Jumapili zaidi ya mia, na hakujua alikuwa amekalia nini.

Jumamosi akaenda na futi yake ya kupimia. Njiani alijiambia kwamba ni kwa ajili ya mashindano, kwamba fundi wa kweli hawezi kuacha dirisha upande siyo.

Kwa miaka sita alikuwa akiiona nyumba ile kwa nje tu, akipita na gari, na kwa miaka sita aliijaza ndani kwa uchafu wa kila namna. Darla alipofungua mlango, ndani kulinukia sabuni ya kusugulia mbao. Madirisha yaling'aa. Jikoni hapakuwa na sufuria hata moja nje ya mahali pake. Twila alijikuta amevunjika moyo, akatafuta kosa, akapata rangi iliyobanduka kidogo kwenye ukuta wa nyuma, akashukuru.

Alihesabu ngazi. Zilikuwa kumi na tatu. Dirisha la jikoni lilikuwa upande wa mti.

Chumba cha kulia hakikuwa na meza mpaka leo. Sakafuni palikuwa na mashimo manne madogo, pale miguu ya kitanda ilipokuwa imekanyaga ubao. Darla akashika ncha moja ya futi na Twila nyingine, wakapima kutoka ukutani hadi shimo la kwanza, na wakiwa wamechuchumaa hivyo, kila mmoja upande wake, Darla akaanza kusimulia. Alieleza kengele ndogo ambayo mama alikuwa akiipiga, kiti alichokuwa akilalia yeye Darla, na mgongo unaomuuma mpaka leo. Aliyasema kwa wepesi, kama anayesoma orodha ya vitu vya sokoni.

"Mwisho mwisho alikuwa ananiita Twila," akasema.

Twila akainua uso.

"Karibu miaka miwili. Mwanzoni nilimsahihisha. Baadaye nikachoka, nikawa naitika tu. Akisifu supu, anamsifu Twila. Nikimwogesha, Twila ana mikono laini. Sifa zote zako, mgongo wangu."

"Na wewe?" Twila akauliza. "Alikuwa anasema nini juu yako?"

"Kwamba Darla haji kumwona."

Futi ilimponyoka Twila, ikajirudisha ndani ya kasha lake kwa kishindo. Darla ndiye aliyeanza kucheka, taratibu, akishikilia ukuta. Twila hakujua kama anaruhusiwa. Alijaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko kilipotoka kilitoka pamoja na machozi ambayo hakuwa ameyatoa hata siku ya mazishi, kwa kuwa siku ile alikuwa na shughuli ya kutokuwa na tatizo.

"Ungeniambia," akasema alipopata pumzi.

"Lini? Kwenye makopo ya maharage?"

Wakanywa kahawa. Hawakukumbatiana wala hawakuombana msamaha. Wao si watu wa hivyo, na ukoo mzima haujawahi kuwa na watu wa hivyo. Twila alipoondoka alikuwa na kurasa mbili za vipimo na kipande cha karatasi ya ukutani ya zamani, ya waridi, ambacho Darla alikibandua nyuma ya kabati.

Kanuni za maonyesho zinakataza kugusa kazi baada ya ufunguzi. Twila alienda kumwomba Bi Ostrander akiwa tayari kwa vita. Bi Ostrander alisoma kanuni mara mbili, akasema kwa maoni yake zinahusu makosa ya ufundi, si ya kumbukumbu, akamfungulia mlango wa nyuma aichukue nyumba aende nayo kwake.

Kazi ikafanyika kwenye meza ya kulia ya Twila, na Darla akaja kusimamia bila kualikwa. Hapo ndipo Twila alipokumbuka kwa nini hawakuwa wakielewana hata kabla ya wosia. Darla alitaka ile karatasi ya waridi ibandikwe kwenye ukuta wa kijumba. Twila akamweleza kwamba ua moja lilikuwa kubwa kuliko mlango. Darla akasema ndiyo yenyewe, ya mama, hakuna itakayoishinda. Twila akasema kipimo ni kipimo. Walibishana hadi kahawa ikaisha, na mwishowe karatasi ikawekwa sakafuni ikawa zulia, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote kati yao.

Dirisha likahamishwa. Ngazi zikaongezwa mbili. Meza ndogo ya kulia, ambayo Twila alikuwa ameichonga siku tatu kwa vijiti vya aiskrimu, ikatolewa, kikawekwa kitanda. Twila akamwinua mama kwa kibano kutoka mnarani, akamshusha polepole, akamkalisha ukingoni mwa kitanda. Shashi ilikuwa imekauka kwa kusimama, ikabidi aiponde kidogo magotini. Darla akasema hapo sasa ndiye.

Twila alijitolea kuivua mifupa ile sweta. Darla akakataa katakata.

"Iache. Miguu ndiyo uishushe, mimi siweki miguu kwenye kochi la mama. Na sufuria zile zitoke. Hapo ulisema uongo."

Kura zilihesabiwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Halowini. Wendell Kroll alishinda kwa mbali sana. Kijumba chake kilikuwa kimeagizwa kwa posta, vipande vyote vimeshakatwa na mashine, kazi yake ikiwa kuviunganisha kwa gundi. Kilikuwa na mlango uliofunguka kama mdomo wenye meno, macho mekundu yanayowaka, na kilipoguswa kilitoa kicheko cha mchawi kilichosikika mpaka maegesho ya magari. Watoto wa shule ya msingi walikipigia kura darasa zima kwa darasa zima. Wengine walikigusa mara thelathini. Nyumba ya Twila ilipata kura sitini na moja, karibu zote za watu waliomjua mama yao.

Twila alijiandaa kulipokea jambo hilo kwa heshima, kama bingwa wa mara saba. Darla hakujiandaa hivyo.

"Daktari wa meno mzima," akasema, si kwa sauti ya chini, huku Wendell akipigwa picha na utepe wake, "ameweka magego mbele."

Twila akatazama. Kweli, magego yalikuwa mbele. "Na gundi imetokeza kwenye kila kona," akasema.

"Hajapaka rangi hata ndani."

"Ndani hakuna kitu, Darla. Nimechungulia. Kuna betri tu."

Wakatoka wakaingia kwenye gari la Darla, wakakaa pale pale maegeshoni wakimchambua Wendell Kroll, kijumba chake, kofia yake na jino ambalo alimng'oa Twila mwaka fulani bila sababu, mpaka vioo vya gari vikaingia ukungu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kwa wao kukubaliana juu ya jambo lolote, na walilifurahia sana, wakalirudia tangu mwanzo.

Halowini yenyewe iliangukia siku ya kazi. Kwa kawaida Mtaa wa Sycamore hupata watoto thelathini hivi, na Darla alikuwa amenunua peremende za kuwatosha na kubakiza. Hakufikiria kwamba kila mtoto wa Marlow Fork alikuwa ameiona nyumba yake maktabani. Saa kumi na mbili jioni, jua halijazama bado, walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye sanduku la barua: mizuka, mamumia yaliyozungushiwa bandeji, maboga yenye miguu, na mwanaanga mmoja aliyefungwa karatasi za kung'aa za kuokea mwili mzima. Nyuma yao wazazi wao, wakinyoosha shingo.

Twila alikuwa amekuja kusaidia kugawa. Alichoona kwenye nyuso za watoto kilikuwa masikitiko. Walikuwa wamekuja kuona jumba bovu, wakakuta baraza lililofagiliwa na vyungu vya maua. Mwanaanga alichungulia dirishani, akauliza mifupa iko wapi. Darla akamwambia ndiye huyu anayezungumza naye. Mtoto akamtazama toka juu hadi chini, akasema ile ndogo inatisha zaidi, akanyoosha mfuko wake.

Peremende ziliisha kabla ya saa moja. Foleni ilikuwa bado inafika barabarani.

"Zima taa ya barazani," Twila akasema. "Wakiona giza wataondoka."

"Wamekuja kuiona nyumba, siwazimii taa."

"Utawapa nini?"

Darla akaingia jikoni. Twila akamsikia akifungua kabati moja baada ya jingine, kisha akarudi amekumbatia vifurushi vya chai, pakiti za supu ya unga na zabibu kavu. Akampa Twila nusu. Mtoto aliyefuata alikuwa binti mdogo aliyevaa shuka lenye matundu mawili ya macho. Twila akatia pakiti ya supu ya kuku ndani ya mfuko wake, kwa uangalifu, isije ikaponda chokoleti.

"Hii ni nini?" shuka likauliza.

"Supu," Twila akasema. "Mpe mama yako. Mwambie maji yachemke kwanza."